Sura ya Sita: Matanga ya Hemphill

Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2003, saa mbili asubuhi ikikaribia, ngurumo ilipita juu ya mashariki ya jimbo la Texas na haikukatika upesi. Nyumba zilitetemeka, vioo vya madirisha vikalia. Wapo waliodhani bomba la gesi limepasuka, wapo waliodhani treni imeacha reli. Waliokuwa mahali penye anga safi waliona mchirizi mweupe ukigawanyika, mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mingi. Kisha vitu vikaanza kuanguka: barabarani, malishoni, ziwani, katikati ya misonobari.

Wakati huohuo, pwani ya Florida, wake, waume na watoto wa wanaanga saba walikuwa wamesimama kando ya njia ya kutua ya Kituo cha Kennedy. Chombo cha Columbia kilitarajiwa kugusa ardhi saa tatu na dakika 16 kwa saa za huko. Chombo cha aina ile kikirudi duniani hushuka kikielea kwa mabawa yake tu, bila msukumo wa injini, na hakina uwezo wa kuzunguka na kujaribu tena. Kwa hiyo hakichelewi. Ama kimefika kwa dakika yake, ama hakiji. Saa kubwa ya uwanjani ilihesabu hadi sifuri, kisha ikaanza kuhesabu sekunde zilizozidi, na anga ikabaki kimya. Waliozijua safari hizi walikwisha kuelewa.

Waliokufa ni Rick Husband, kamanda wao, mtu wa Amarillo katika jimbo hilohilo la Texas, William McCool, rubani, Michael Anderson, David Brown, Kalpana Chawla, mzaliwa wa Karnal, India, Laurel Clark, daktari, na Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza kwenda angani. Walikuwa wamekaa juu siku 16 wakifanya majaribio ya kisayansi kwa zamu mbili, usiku na mchana. Zilikuwa zimebaki dakika 16 wafike nyumbani.

Kwetu msiba ni kazi. Jirani akifiwa hatuulizani nani atasema nini. Tunaulizana nani atateka maji, nani atachimba kaburi, nani atalala matangani. Maneno ya rambirambi nayo huja, na yana mahali pake, lakini mfiwa akisimulia miaka kumi baadaye humtaja aliyeleta kuni. Nimeanza na jambo hili kwa sababu vitabu vingi vinavyosimulia maombolezo ya Columbia husimulia hotuba. Hotuba nitazigusa. Sura hii lakini ni ya walioleta kuni.

Rais George W. Bush alilihutubia taifa mchana wa siku ileile. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Tarehe 4 Februari akaenda Houston, kwenye Kituo cha Johnson, na huko wafanyakazi na wafiwa walikusanyika kwa maelfu uwanjani. Ndege za T-38, zile wanazofanyia mazoezi wanaanga, zilipita juu kwa safu. Moja ikachomoka na kupanda peke yake, ishara ambayo marubani humpa mwenzao asiyerudi. Nje, kwenye lango la kituo, watu ambao hawakuwahi kumjua hata mmoja wa wale saba walikuja na maua, maputo, barua na michoro ya watoto, wakaviweka chini ya ubao wenye jina la kituo mpaka vikawa lundo. Siyabezi haya. Mtu anayeendesha gari kwa saa nzima ili aache ua moja kwenye uzio anasema jambo ambalo wengi wetu hatuna kinywa cha kulisema: marehemu hakuwa wangu, lakini nimefiwa.

Karnal ilikuwa jioni. Wanafunzi wa shule ya Tagore Bal Niketan walikuwa wamekusanyika kusherehekea. Kalpana alisoma pale, na hakuisahau; kwa njia yake shule hiyo ilipata kupeleka wanafunzi wawili wawili kila mwaka Marekani, kwenye mafunzo ya majira ya joto ya NASA. Sherehe ikageuka kilio kabla haijaanza. Siku nne baadaye Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee alitangaza kwamba satelaiti ya hali ya hewa ambayo India iliirusha Septemba 2002, iliyokuwa ikiitwa Metsat, itaitwa Kalpana-1. Kwa zaidi ya muongo mmoja jina la yule binti wa Karnal lilikaa juu ya Bahari ya Hindi likipiga picha za mawingu na pepo za msimu, pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo ndani ya upeo wake. Kumpa marehemu kazi ya kufanya ni heshima kubwa kuliko kumjengea mnara, na India ililiona hilo ndani ya siku nne.

Sasa twende Hemphill.

Hemphill ni mji mdogo wa wilaya ya Sabine, karibu na mpaka wa Louisiana, wenye wakazi elfu moja na ushei. Umezungukwa na msitu wa misonobari na vichaka vya miiba, na upande wa mashariki kuna ziwa la Toledo Bend. Mstari wa vipande vya Columbia ulikatiza Texas kwa mamia ya kilomita, lakini sehemu ya mbele ya chombo, yaani chumba cha wanaanga, iliangukia huku. Watu wa Hemphill hawakuchagua. Waliamka Jumamosi wakakuta msiba wa dunia nzima umeanguka uani kwao.

Kitu cha kwanza walichokifanya kilikuwa kuingia msituni. Kabla mtu yeyote hajapanga lolote kwa maandishi, wakata magogo, walimu, wastaafu na wawindaji waliojua kila kijito walijitokeza kusaidia kutafuta. Serikali ilionya kwamba baadhi ya vipande huenda vina mafuta yenye sumu, visiguswe. Wakawa wanavilinda: mtu anasimama kando ya kipande cha chuma kwenye mvua ya baridi mpaka afike wa kukichukua. Ni kama tunavyolinda maiti usiku, asiachwe peke yake.

Na kweli walikuwa wakiwatafuta marehemu. Hili linahitaji kusemwa kwa upole lakini lisemwe, kwa kuwa ndilo lililowatoa watu vitandani. Mabaki ya wote saba yalipatikana, na katika siku chache. Kila yalipopatikana, kazi ilisimama. Mwanaanga mwenzao aliitwa, naye alikuja. Mchungaji wa kanisa la Kibaptisti la Hemphill alikuja. Ibada fupi ikafanyika palepale chini ya miti, kofia mikononi, ndipo marehemu akaondolewa. Hapakuwa na kamera. Wenyeji walioona wakanyamaza, na wengi walinyamaza kwa miaka. Katika habari zote za msiba huu sijakutana na heshima inayoshinda ile.

Mjini, akina mama walifungua jiko la ukumbi wa askari wastaafu. Walianza na kahawa na mikate. Watafutaji walipoongezeka kutoka makumi hadi mamia hadi maelfu, jiko halikufungwa: chai ya asubuhi, chakula cha mchana cha kubeba msituni, chakula moto cha jioni kwa watu waliorudi wamelowa hadi mifupani na mikono imechanwa na miiba. Chakula kilitoka majumbani na kwa michango, na aliyepika hakudai kitu. Mji usio tajiri ulilisha taifa lililofiwa. Nani kati yetu hatambui hiki ni nini? Haya ni matanga, yenye sufuria zake na moshi wake, ila waliyakaa watu ambao hawana neno hilo.

Ubaya nao haukukosa. Saa chache tu baada ya ajali, watu walijaribu kuuza kwenye intaneti vitu walivyodai ni vipande vya Columbia. Waendesha mashtaka wakatoa siku chache za msamaha: aliyechukua kipande arudishe, hataulizwa. Vingi vikarudi. Sitatumia maneno mengi kwa waliouza, kwani kila msiba una mwizi wake wa viatu mlangoni.

Baadaye zilikuja timu za zimamoto za misituni, watu 20 kwa kila kikosi, kutoka pande zote za Marekani. Walijipanga mstari, mita tatu hivi kati ya mtu na mtu, wakatembea. Mbele kukiwa na kinamasi, wanapita kinamasi. Kukiwa na miiba, wanapita miiba, maana mstari ukipinda kitu kitaachwa. Wapiga mbizi walitafuta katika ziwa. Hadi mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 25,000 walikuwa wameshiriki kwa namna moja au nyingine, na vipande vipatavyo 84,000 vimeokotwa, asilimia 38 hivi ya uzito wa chombo kizima. Kulikuwa na vipande vikubwa kuliko mlango na vipande vidogo kuliko shilingi. Ndani ya vyombo vya jaribio moja walikutwa minyoo wadogo wa maabara wakiwa hai.

Mwezi Machi, karibu na Hemphill, kikosi kimoja kilikuta sanduku limekaa ardhini karibu zima. Lilikuwa kinasa kumbukumbu za mitambo, chenye mkanda uliorekodi joto na mikazo ya chombo hadi sekunde za mwisho. Hapo ndipo utaona kwa nini naiita kazi ile maombolezo na siyo usafi. Mkanda ule ulithibitisha kwamba joto liliingia kupitia bawa la kushoto, na kwamba madhara yalikuwepo tangu mapema.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 16 Januari, sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu la kuzuia joto, chenye uzito usiofika kilo moja, kilibanduka kwenye tangi la nje na kuligonga bawa hilo kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa. Picha za video zilikionyesha. Wahandisi walitaka bawa lipigwe picha kwa darubini na satelaiti za jeshi wakati chombo kingali juu. Maombi matatu yalitolewa, na yote matatu hayakufika popote. Povu lilikuwa limebanduka safari nyingi zilizopita na watu wakarudi salama, hivyo lilikwisha kuzoeleka. Julai 2003, mjini San Antonio, wachunguzi walifyatua kipande cha povu kama kile kwenye paneli ya bawa, nalo likatoboa shimo la sentimita 40 hivi. Waliokuwepo walipigwa na butwaa. Ripoti ya tume ya Admirali Harold Gehman, iliyotoka Agosti, ilisema wazi kwamba mazoea ya shirika la NASA yalichangia ajali hii sawa na lilivyochangia povu.

Wapo wanaoona kutafuta kosa ni kumvunjia marehemu heshima, kwamba tulie kwanza tuache kuulizana. Mimi nakataa. Wale saba walikuwa watu wa vipimo na ushahidi. Maisha yao yote waliuliza kwa nini. Kuwalilia bila kuuliza kilichowaua ni kuwalilia watu wengine.

Vifo hivi vilikuwa na mizizi iliyopita Texas. Ilan Ramon alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenusurika Auschwitz. Alibeba nakala ya mchoro wa penseli wa Petr Ginz, mvulana wa Prague, aliouchora akiwa kizuizini katika ghetto ya Terezín: mandhari ya mwezi, na dunia ikionekana kwa mbali. Petr aliuawa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 16. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1928. Siku Columbia ilipovunjika angekuwa anatimiza miaka 75. Habari za mchoro zilipoenea duniani pamoja na kilio, mtu mmoja huko Prague alikumbuka kwamba ana madaftari ya zamani yaliyokutwa katika nyumba yake. Yalikuwa shajara za Petr. Dada yake, Chava Pressburger, akayatambua maandishi ya kaka yake na kuyachapisha. Kijana aliyekaa kimya kwa karibu miaka 60 alisikika kwa sababu watu walikuwa wakimlilia mtu mwingine.

Ramon mwenyewe aliandika shajara angani. Miezi miwili baada ya ajali kurasa zake zilipatikana ardhini huko Texas, karibu na mji ambao jina lake ni Palestine. Zilipita kwenye moto wa angani, zikaanguka kutoka kilomita makumi, zikanyeshewa. Kurasa 37 zilisalia. Wataalamu wa makumbusho na wa polisi mjini Jerusalem walizifungua moja moja na kuzisafisha hadi maandishi yakasomeka. Kati yake mna maneno ya baraka ya Sabato aliyoyanakili ayasome akiwa juu. Zingeweza kubaki chini ya majani yaliyoanguka zikaoza kimya kimya. Zipo kwa sababu kuna mtu aliyekubali kutembea akitazama chini.

Kuna mfiwa mwingine ambaye hakuna anayempelekea maua: yule aliyeona ajali kabla haijatokea. Katika msiba wa chombo cha Challenger, kilicholipuka sekunde 73 baada ya kuruka tarehe 28 Januari 1986 kikiwa na mwalimu Christa McAuliffe na wenzake sita, mhandisi Bob Ebeling wa kampuni ya Morton Thiokol, Utah, alikuwa miongoni mwa waliojaribu usiku wa kuamkia siku hiyo kuzuia safari. Walieleza kwamba baridi itazikaza pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Hawakusikilizwa. Ebeling akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kitalipuka. Kwa miaka 30 alijilaumu, si waliopuuza, bali yeye mwenyewe, kwamba hakusema kwa nguvu ya kutosha. Januari 2016, akiwa mzee wa miaka 89 na mgonjwa, aliiambia redio ya NPR kwamba Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Wasikilizaji wakaandika. Mamia ya barua zilifika, nyingine kutoka kwa wahandisi waliosema wanafundisha vijana kwa mfano wake. Alisomewa barua hizo, na mzigo ukampungua. Alifariki Machi mwaka uleule. Ilichukua miaka 30 mtu huyu kupewa pole. Natamani ingekuwa siku 30.

Mabaki ya Challenger nayo yana la kufundisha, ingawa linauma. Uchunguzi ulipokwisha, yalishushwa ndani ya mashimo mawili ya makombora yaliyoachwa, huko Cape Canaveral, yakafunikwa. Wakati ule ilionekana ndiyo staha. Columbia ilipofuata, walioongoza uokotaji, Michael Leinbach akiwa mbele yao, walishikilia njia nyingine: vipande vyake vimehifadhiwa ndani ya lile jengo kubwa la kuunganishia roketi la Kennedy, na watafiti huazimwa ili wajifunze jinsi metali na vigae vinavyoharibika katika joto la kurudi duniani. Wafanyakazi wapya wa safari za anga hupelekwa kuviona. Naamini wa pili walifanya sawa. Mwili huzikwa, lakini ushahidi haustahili kaburi. Mwaka 2015 hata kipande cha ubavu wa Challenger, chenye bendera, kilitolewa na kuwekwa pamoja na fremu za madirisha ya Columbia katika chumba cha kumbukumbu kwa wageni wa Kennedy. Miaka mingi kilikaa gizani.

Hemphill hawakusubiri kiasi hicho. Walijenga makumbusho yao, yakafunguliwa mwaka 2011, na ndani yake wafiwa wa wanaanga walitoa vitu vya wapendwa wao vikae pale, katika mji ambao isingekuwa ajali wasingeufahamu. Ukifika utakuta picha za wale saba. Utakuta pia majina mawili ambayo vitabu vingi huyaruka. Tarehe 27 Machi 2003 helikopta iliyokuwa ikitafuta vipande ilianguka katika msitu wa Angelina, magharibi ya Sabine. Waliokufa ni rubani Jules Mier na Charles Krenek wa Idara ya Misitu ya Texas. Walikuwa matangani kama wengine, wakifanya kazi ya msiba usiokuwa wa ukoo wao.

Basi msomaji, siku utakapowasimulia watoto habari za Columbia, ukimaliza kuwataja wale saba usifunge kitabu. Wataje na hawa wawili.